Dhana Iwe Tayari Kushindwa: Maswali ya Mbingu katika Baraza za Unguja

Mazungumzo ya mbingu hayakosi nafasi katika baraza za Mji Mkongwe. Ramadhani ikikaribia hujadiliwa hilali, mwezi ukipatwa hujadiliwa kivuli, na siku yoyote nyingine, iwe Jaws Corner au kwingineko panapouzwa kahawa chungu, anatosha mtu mmoja kuuliza mbona maji ya kisima hayamwagiki kama kweli dunia inazunguka, kikao kizima kikaacha siasa na mpira. Maswali ni mengi na mengine ni mazito. Ulimwengu unaishia wapi, na nyuma ya mwisho huo pana nini? Nani amekwenda akapima ukubwa wa dunia? Kwa nini mwezi mwandamo wa kwetu hulala, na ule wa kwenye bendera umesimama? Majibu nayo ni mengi kuliko maswali, kwa kuwa kila anayeuliza huwa keshaibeba dhana yake.

Wenye elimu huyapokea mazungumzo haya kwa njia mbili. Wako wanaocheka, na wako wanaosema kila mtu na rai yake. Anayecheka amesahau kwamba baadhi ya maswali haya yaliwasumbua wanazuoni wakubwa kwa karne nzima. Anayesema kila mtu na rai yake amesahau kwamba jua halichomozi kwa rai ya mtu. Ninachotaka kukitetea hapa ni hiki: asiyekuwa mtaalamu ana haki kamili ya kuuliza na hata ya kubuni juu ya mbingu, lakini dhana yake inapata thamani pale tu anapotaja mapema ni jambo gani likionekana ataiacha. Sharti hilo halikuja Unguja na vitabu vya skuli. Wavuvi, mabaharia na wakulima wa kisiwa hiki waliishi nalo kabla darubini ya kwanza haijatengenezwa, kwa sababu aliyekosea hesabu ya mbingu alirudi na dau tupu, au hakurudi.

Tuanze na kilimia, kile kishada cha nyota ambacho mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Mwishoni mwa Aprili huonekana chini kabisa upande wa magharibi jua linapokwisha kutua, kisha hupotea kwa wiki kadhaa katika mwanga wa jua, na mwezi wa Juni huzuka upande wa mashariki wakati wa alfajiri. Wazee wa pwani walikuwa na kauli kwamba kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua. Kauli hiyo inataja ishara, inataja muda, na inataja kitakachofuata, hivyo kila anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri anaweza kuikagua na akaikuta imekosea. Leo tunajua kwamba kilimia hakileti mvua. Jua linaposogea kaskazini baada ya Machi hufuatwa na ukanda wa mvua tunazoziita masika, na katika safari hiyohiyo hupita karibu na sehemu ya mbingu kilipo kilimia. Wazee waliitumia ishara hiyo bila kuijua sababu yake, na haikuwadhuru, maana hawakuacha kuitazama.

Hesabu ya Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, inafundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Kila Julai watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa, sikukuu iliyotokana na kalenda ya jua yenye asili ya Uajemi. Kalenda hiyo ilikuwa na siku 365 zilizogawanywa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za ziada. Mabaharia na wakulima waliihitaji kwa sababu mwaka wa Hijria, wenye siku 354 au 355, hauwezi kumwambia mtu lini kusi litaanza kuvuma au lini apande mpunga. Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka kama 33. Kwa hiyo pwani ikawa na kalenda mbili, moja ya ibada na moja ya pepo. Lakini mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo, na kalenda isiyoongeza siku kila mwaka wa nne hurudi nyuma siku kama 24 katika kila karne. Ndiyo maana Siku ya Mwaka, ambayo katika karne ya 19 iliangukia Agosti, leo tunaikuta Julai. Hesabu ilikuwa nzuri, ilirithiwa kwa heshima na ilifaa vizazi vingi, na bado jua lilikuwa na hesabu yake. Panapotokea hitilafu ya namna hii, anayetakiwa kusogea ni mwenye kuhesabu.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya uzoefu tu, na kwamba mtu wa kawaida akiingia kwenye sababu za mambo hawezi kushindana na mwanazuoni. Bahari ya Unguja ina jibu. Mwanamke anayelima mwani Paje au Jambiani anajua kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwamba siku hizo maji hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, shamba lake likawa wazi. Anajua kwamba kila siku saa ya kupwa husogea mbele kiasi cha dakika 50, na kwamba kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu yasiyompa nafasi. Zaidi ya yote anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwaka 1632 Galileo Galilei, mmoja wa wanazuoni wakubwa kabisa wa falaki, alichapisha dhana kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mwendo wa dunia yenyewe, na akapuuza wanaosema kwamba ni kazi ya mwezi. Dhana yake, ikiachwa peke yake, inatoa kujaa mara moja kwa siku, na ilimbidi aipachike sababu za kina na umbo la bahari ili iokoke. Anayekwenda pwani kila siku, hata asiyejua kusoma, alikuwa na ushahidi wa kutosha wa kuikataa.

Ushahidi huohuo unamtesa pia anayesema kwa wepesi kwamba mwezi huvuta maji. Ikiwa mwezi hupita juu yetu mara moja tu kwa siku, kwa nini maji yajae mara mbili? Hili ni swali la barazani lililo zuri kuliko mengi ya darasani, na msingi wa jibu lake uliwekwa na Isaac Newton mwaka 1687. Mvuto wa mwezi hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko kiini cha dunia, na kiini huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa pili, ambayo kwa hiyo hubaki nyuma. Bahari inainuka pande mbili zinazokabiliana, na dunia inapojizungusha chini yake, Unguja hupita katika kila upande mara moja kwa siku. Jua nalo hufanya kazi hiyo kwa nguvu pungufu. Linapokuwa kwenye mstari mmoja na mwezi huja bamvua, ambayo hapa kwetu inaweza kutenganisha maji kujaa na maji kupwa kwa karibu mita 4. Dhana iliyoeleza mara mbili kwa siku, dakika 50 za kuchelewa na bamvua mbili za mwezi kwa mpigo mmoja ilistahili kuishika nafasi ya ile ya Galileo.

Swali la mwezi unaolala nalo lina uzito wake. Hilali ya Unguja mara nyingi hulala kama mashua, pembe zote mbili zikitazama juu, na katika nchi za kaskazini mbali hilali husimama kwa ubavu. Sehemu ya mwezi inayong'aa siku zote huelekea lilipo jua. Kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua hutua karibu wima, hivyo linapokwisha kuzama linakuwa chini ya mwezi, na ung'avu huwa chini. Ulaya jua hutua kwa mshazari, likaenda kukaa chini na pembeni, na hilali ikageuka nalo. Kama watu wote wangekuwa wamesimama juu ya uwanja mmoja ulio bapa, mtu wa Unguja na mtu wa Oslo wangeutazama mwezi wakiwa na juu moja na chini moja, na tofauti hiyo isingekuwa na pa kutokea. Mwenye simu na ndugu aliye ng'ambo anaweza kuikagua jioni yoyote ya mwezi mchanga kwa kubadilishana picha.

Tufike sasa kwenye ukubwa wa dunia, ambao wengi hudhani umepimwa na vyombo visivyofikika. Unguja ina bahati ya pekee katika jambo hili. Makka iko kwenye longitudo ya takriban 39.8 mashariki na Mji Mkongwe uko kwenye 39.2, kwa hiyo kibla cha Unguja ni kaskazini karibu barabara. Mara mbili kwa mwaka jua husimama utosini juu ya Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, kwa saa ya Makka ambayo ndiyo saa yetu. Dakika hiyo kitu kilichosimama wima Makka hakina kivuli. Fimbo ya mita 1 iliyosimamishwa wima kwa timazi Mji Mkongwe hutoa kivuli cha sentimita 52 hivi, kikielekea kusini. Kivuli cha urefu huo kina maana kwamba jua limeinama nyuzi 27.6 kutoka utosini mwetu. Duara zima lina nyuzi 360, yaani mara 13 ya hizo. Kutoka hapa mpaka Makka ni kilomita kama 3,070, umbali ambao rubani wa ndege anaujazia mafuta, na ungekuwa wa uongo angeanguka baharini. Zidisha 3,070 kwa 13 na sehemu yake na utapata karibu kilomita 40,000, ambao ndio mzingo wa dunia. Eratosthenes alifanya hesabu ya namna hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Hapa kinahitajika kipande cha mti, uzi wenye jiwe na futi kamba ya fundi cherehani.

Mpinzani makini hatanyamaza, na hapaswi kunyamazishwa. Atasema kwamba vivuli viwili havithibitishi uduara, kwa sababu kama dunia ni bapa na jua liko karibu, kiasi cha kilomita 5,870 juu ya Makka, fimbo ya Unguja itatoa sentimita 52 zilezile. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Hapo ndipo dhana mbili zinapotakiwa kusema kila moja inatazamia nini mahali pa tatu. Johannesburg iko kilomita 5,445 hivi kutoka Makka. Anayesema dunia ni bapa na jua liko karibu lazima akiri kwamba, dakika hiyohiyo, fimbo ya mita 1 huko itatoa kivuli cha sentimita 93. Anayesema dunia ni duara na jua liko mbali sana anatazamia sentimita 115. Tofauti ya sentimita 22 haiwezi kufichwa na fimbo iliyopinda kidogo wala mkono unaotetemeka. Kipimo hutoa 115. Aliyeleta dhana ya jua la karibu amefanya kazi ya maana endapo atakubali matokeo hayo, maana pingamizi lake ndilo lililotulazimisha kutafuta ushahidi wenye nguvu zaidi. Akianza kusema kwamba Johannesburg kuna hewa inayopinda mwanga, na kesho akaleta sababu nyingine kwa mji mwingine, ametoka katika utafiti na kuingia katika ubishi.

Pingamizi jingine ni kwamba fimbo na kivuli vinatosha kwa dunia na mwezi, lakini mwanzo na mwisho wa ulimwengu ni mambo ya wenye darubini za mabilioni ya fedha. Kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo mojawapo ya ushahidi mkubwa kuhusu mwanzo wa ulimwengu unaonekana bila chombo chochote, nao ni giza la usiku. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima, anga ya Mji Mkongwe ilirudi kuwa nyeusi kama ya zamani, na mtoto yeyote angeweza kuuliza kwa nini usiku ni giza. Jibu la haraka ni kwamba jua limetua. Lakini nyota nazo ni majua. Kama ulimwengu hauna mwisho, hauna mwanzo na umejaa nyota kila upande, basi popote utakapoelekeza jicho lazima mwishowe likutane na uso wa nyota, na anga nzima ingewaka kama uso wa jua. Swali hili hupewa jina la Heinrich Olbers, tabibu wa Ujerumani aliyetazama nyota usiku baada ya kazi yake, aliyeliandika mwaka 1823. Yeye alidhani kuna vumbi linaloziba mwanga. Dhana hiyo ikashindwa, kwa sababu vumbi linalopokea mwanga huo wote bila kikomo lingepata joto mpaka nalo liwake.

Jibu lililosimama ni kwamba mwanga husafiri kwa kasi yenye kikomo, kilomita kama 300,000 kwa sekunde, na ulimwengu una umri, unaokadiriwa leo kuwa miaka bilioni 13.8. Mwanga wa vitu vya mbali kupita kiasi haujapata muda wa kutufikia. Kadhalika ulimwengu unatanuka, na kutanuka huko kumeuvuta mwanga wa mwanzo kabisa mpaka ukawa mawimbi ya redio yasiyoonekana kwa jicho. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakifanya kazi na antena huko New Jersey, walipata mvumo usiokoma kutoka pande zote za anga. Kabla ya kuamini kwamba ni wa mbinguni walisafisha hata kinyesi cha njiwa kilichokuwa ndani ya antena, na mvumo ukabaki. Huo ndio mabaki ya joto la kile kinachoitwa Mlipuko Mkuu. Swali la mtoto na mvumo wa antena vinaelekea upande mmoja: ulimwengu huu tunaouona haukuwapo milele katika hali hii. Ama kuhusu kilichotangulia, hakuna kipimo kinachoamua kati ya dhana zilizopo, na mtu anayezitamka, awe profesa au mchuuzi wa Darajani, anapaswa kuzitamka kama dhana.

Wala pwani yetu haikuwa mtazamaji tu katika elimu hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Eneo la ikweta lilichaguliwa kwa sababu hapo dunia hujizungusha kwa kasi kubwa kuliko kwingine, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Anayeuliza kama dunia kweli inazunguka ana jibu moja katika hesabu ya mafuta ya roketi. Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, miali ambayo hewa yetu huizuia. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba chanzo kimoja, Cygnus X-1, kina dalili za shimo jeusi. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba si shimo jeusi. Ushahidi ulipozidi, mwaka 1990 Hawking alikubali kwamba ameshindwa. Heshima yake haikupungua.

Hapa ndipo hutolewa pingamizi lenye ncha zaidi. Wanasayansi wenyewe hubuni, husema mtu, tena hubuni vitu visivyoonekana. Wanatuambia kwamba vitu vya kawaida ni asilimia kama 5 tu ya ulimwengu, na kwamba kilichobaki ni maada na nishati ya giza ambayo hakuna aliyeishika. Kwa nini dhana yao iheshimiwe na ya barazani isiheshimiwe? Historia ya sayari mbili inajibu. Mwaka 1781 William Herschel, mwanamuziki aliyependa nyota, aligundua sayari ya Uranus kwa darubini aliyojitengenezea. Baadaye ikaonekana kwamba sayari hiyo haifuati njia iliyotazamiwa. Urbain Le Verrier wa Ufaransa akadhani kuna sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta, akakokotoa mahali ilipo, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaiona Berlin karibu kabisa na pale alipoelekezwa. Ndiyo Neptune. Kisha Le Verrier akatumia njia hiyohiyo kwa sayari ya Utaridi, ambayo nayo ilikuwa na mwendo wenye hitilafu ndogo, akatangaza sayari iliyo karibu zaidi na jua akaiita Vulcan. Tabibu mmoja wa kijijini, Edmond Lescarbault, hata akasema ameiona ikipita mbele ya jua mwaka 1859. Watu waliitafuta kwa miongo ya miaka na haikupatikana. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba hitilafu ya Utaridi inatokana na namna mvuto wenyewe unavyofanya kazi karibu na jua. Vulcan ikaachwa.

Mtu mmoja, njia moja, dhana mbili za kitu kisichoonekana. Moja ilishinda, nyingine ikafa. Zote mbili zilikuwa dhana halali, kwa sababu zote zilitaja mahali pa kutazama. Maada ya giza leo imesimama pale iliposimama Neptune kabla ya Septemba 1846, au iliposimama Vulcan kabla ya Einstein, na wanaoitafuta wanajua kwamba huenda wakaukuta mwisho wowote kati ya hiyo miwili. Dhana ya barazani ikitaja mahali pa kutazama inaingia katika daraja hilohilo, hata kama mwenyewe hana cheti. Isipotaja, cheti cha mwenyewe hakitaisaidia. Kwa kipimo hicho ndipo utabiri wa nyota za watu unapoanguka. Anayemwambia mtu kwamba nyota yake imefifia na mambo yake yatakuwa mazito hawezi kuonyesha siku ambayo angekiri kwamba alikosea, ingawa huenda anatumia majina yaleyale ya Zuhura na Mushtarii anayoyatumia mtu wa falaki.

Liko pingamizi la mwisho, nalo Unguja halikosekani: kwamba kuuliza sana juu ya mbingu ni kuingilia yasiyotuhusu. Lakini mapokeo ya dini yenyewe yanashuhudia vingine. Mwaka 632 jua lilipatwa Madina siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (s.a.w.), na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume aliwakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu. Dhana iliyowavutia watu kwa huzuni ilikataliwa, tena na aliyefiwa mwenyewe. Mjadala wa mwezi mwandamo nao hupoteza joto ukitenganishwa vizuri. Kama mwezi ulitua kabla ya jua jioni fulani, hesabu inaweza kusema bila kusita kwamba aliyedai kuuona amekosea. Kama mwandamo ulioonekana nchi nyingine unawafunga watu wa Unguja, hilo ni swali la fikihi, na darubini hailigusi. Anayeitaka falaki iamue hilo la pili anaikosea, kama anavyoikosea anayeikataza kusema lile la kwanza.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilibaki pete juu ya Rujewa mkoani Mbeya, na Unguja ikaona sehemu kubwa yake ikifunikwa. Wataalamu kama Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania waliueleza umma mapema, wakitaja mahali na saa, na kama jua lisingepatwa wangeaibika mbele ya nchi nzima. Sasa imebaki tarehe nyingine iliyo karibu na mioyo ya watu wa pwani hii. Tarehe 2 Agosti 2027, saa 7 mchana na dakika ishirini na kitu, jua litapatwa lote juu ya Makka kwa dakika kama 5, na hapa Unguja litafunikwa sehemu yake tu. Tangazo hilo limetokana na dunia ya duara, mwezi unaoizunguka na jua lililo mbali, na lipo wazi kwa kila anayetaka kulikagua. Mwenye dhana nyingine juu ya dunia na mbingu, barazani au chuoni, na aiandike kabla ya siku hiyo: kivuli kitaanzia wapi, kitapita wapi, saa ngapi na kwa dakika ngapi. Atakayeandika hivyo, hata kama hesabu yake itakosea, atakuwa amejiunga na kazi ya falaki. Atakayesubiri mpaka jua lipatwe ndipo aseme kwamba alijua, hatakuwa amesema lolote.